Kuua kwa Ajili ya Burudani: Historia ya Wawindaji wa Kikoloni na Swali Linalotuhusu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, aliyemuumba mwanadamu na akaumba pamoja naye wanyama wa nchi kavu na wa majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake.

Ndugu zangu Waislamu, swali ninalolileta ni rahisi kulitamka: je, inafaa mtu kumuua mnyama kwa sababu tu kuua kunamfurahisha? Najua wengi mtajibu upesi kwamba haifai, kisha mtafungua ukurasa mwingine. Nawaomba msubiri kidogo. Jibu la upesi linatutosha tukiwa darasani, lakini historia ya sehemu zetu hizi inaonyesha kwamba watu wa swala tano walikuwa karibu sana na mauaji ya namna hiyo, tena kwa miaka mingi. Kwa hiyo swali lenyewe liko ndani zaidi: mtu akishajua kwamba jambo si zuri, ana jukumu gani pale linapofanywa na mwenye nguvu, naye analipwa kumbebea mizigo?

SAFARI MBILI

Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tunalijua neno safari kutoka katika mlango wa swala. Safari ndiyo inayomruhusu mtu kupunguza swala za rakaa nne zikawa mbili, kujumuisha adhuhuri na alasiri, na kula mchana wa Ramadhani kisha akalipa baadaye. Ni neno la Kiarabu lililokaa katika Kiswahili mpaka likawa letu. Anayekwenda Rumonge kununua mawese yuko safarini, na anayekwenda Makka kuhiji yuko safarini.

Neno hilohilo lilipochukuliwa na Waingereza wa Afrika Mashariki, maana yake ikageuka. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika vitabu vyao, safari ikawa ni msafara wa kwenda porini kuua wanyama kwa ajili ya burudani. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Theodore Roosevelt. Alimaliza urais wa Marekani mwezi wa Machi 1909, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Walizunguka Kenya ya leo, wakapita Uganda na eneo la Lado kando ya mto Nile, wakamalizia Khartoum mwezi wa Machi 1910. Kwa hesabu aliyoichapisha mwenyewe, baba na mwana waliua kwa bunduki zao wanyama 512: baba 296 na mwana 216. Ndani ya hesabu hiyo mna simba 17, tembo 11 na vifaru 20.

Vifaru tisa kati ya hao walikuwa vifaru weupe, waliouawa Lado, na Roosevelt alijua kwamba aina hiyo ni adimu. Leo vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani ni majike wawili tu, mama na binti yake, wanaolindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho lilikufa mwezi wa Machi 2018.

Ni haki tumsikilize naye. Roosevelt alijitetea kwamba safari yake ilikuwa ya elimu, kwa kuwa ngozi na mifupa vilipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na kwamba nyama ililiwa na wapagazi. Alisema pia kwamba aliua sehemu ndogo tu ya wanyama ambao angeweza kuwaua. Kuna ukweli katika maneno hayo, na mtu muadilifu hawezi kuyatupa. Lakini ukikisoma kitabu chake, African Game Trails, furaha ya kuua haijifichi, na elimu peke yake haiielezi. Isitoshe, wageni wengi waliofuata nyayo zake hawakuwa na makumbusho ya kupeleka chochote. Walikuwa na kuta za sebule zao, wakataka kuzipamba kwa vichwa na pembe.

MCHEZO WA NANI, UHALIFU WA NANI?

Kabla hatujafika kwenye sheria ya Kiislamu, tuangalie kwanza wakoloni wenyewe walivyolijibu swali hili, maana wao pia walikuwa na maadili yao.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1835 ilipiga marufuku kumfunga fahali na kumshambulia kwa mbwa, na pia kupiganisha majogoo. Waliotunga sheria hiyo walisema ni ukatili, na walisema kweli. Lakini kumkimbiza mbweha kwa farasi na kundi la mbwa mpaka araruliwe, ambao ulikuwa mchezo wa wenye ardhi, kuliendelea kuwa halali England hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 2004. Ukihesabu, ni karibu miaka 170 kati ya marufuku ya kwanza na hiyo ya pili. Wanyama wote wanaumia sawasawa. Kilichotofautiana ni cheo cha anayeburudika.

Kipimo hichohicho kilipanda meli kuja kwetu. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni ambalo Burundi ilikuja kuwa sehemu yake. Boma la kijeshi la Usumbura, ndilo chanzo cha mji wetu wa Bujumbura, lilijengwa mwaka 1897. Kisha mwezi wa Mei 1900 wawakilishi wa mataifa yaliyotawala Afrika walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa porini, ndege na samaki wa Afrika. Mkataba huo uligawa wanyama kwa madaraja. Twiga na sokwe walitakiwa kulindwa. Simba, chui, fisi na mamba waliwekwa katika orodha ya wanyama wabaya wa kupunguzwa, na mayai ya mamba yalitakiwa kuharibiwa. Nyavu na mashimo ya mitego, yaani njia ambazo watu wetu walizitumia, vilitakiwa viwekewe mipaka. Bunduki yenye leseni iliruhusiwa.

Sisemi kwamba kuhifadhi wanyama ni ubaya. Baadhi ya wanyama tulio nao leo wamesalia kwa sababu uwindaji uliwekewa mipaka. Ninachosema ni kwamba mwenye leseni, pesa na bunduki aliitwa mwanamichezo, na mwenye wavu na njaa aliitwa mhalifu. Huko Uzaramo, mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza jinsi vizuizi vya uwindaji vilivyowaacha wakulima wakishindwa kuwadhibiti nguruwe mwitu waliokula mazao yao, katika miaka ileile iliyozaa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mkulima anayemuua nguruwe mwitu ili watoto wake wale alibanwa, huku mgeni anayemuua simba ili apige picha alitafutiwa wapagazi.

Wawindaji hao walikuwa na kanuni zao za heshima. Usimpige mnyama aliyelala. Mpe nafasi ya kukimbia. Usitumie mtego, kwa sababu mtego ni wa mwoga. Kanuni hizi zinapendeza masikioni, lakini tujiulize zinamlinda nani. Zinalinda heshima ya mwindaji, ili ajione shujaa na wenzake wamwone shujaa. Mnyama hakuingia mchezoni kwa hiari yake, na akishinda hapewi chochote isipokuwa uhai ambao tayari ulikuwa wake. Waswahili wanasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa hata panzi hawakuwa na vita.

WALIOBEBA BUNDUKI

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo jambo linapouma.

Misafara hii haikutembea yenyewe. Roosevelt peke yake alikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Katika kitabu chake anawataja wabeba bunduki wake wa mwanzo, Muhamed na Bakari, na mtumishi wa hema lake, Ali. Hayo ni majina ya watu wetu. Kote Afrika Mashariki, watu wa pwani, Waswahili, Waislamu, ndio waliokuwa wapagazi, wapishi, askari, wakalimani na wabeba bunduki wa Wazungu. Nasi Waislamu wa Bujumbura tunalijua hilo kwa nasaba. Ukienda Buyenzi ukawauliza wazee, utaambiwa habari za babu waliokuja na misafara ya biashara kutoka Ujiji na pwani, na wengine waliokuja na askari wa Kijerumani. Uislamu uliingia nchi hii ukiwa umebebwa na watu haohao, pamoja na mizigo ya wengine vichwani mwao. Allah awalipe kheri kwa dini waliyotuachia.

Katika kumbukumbu za wawindaji wa Kizungu kuna jambo linalorudiwarudiwa. Mnyama akianguka, mtumishi Muislamu hukimbia na kisu ili amuwahi kabla roho haijatoka, amchinje kwa jina la Allah, nyama iwe halali. Wazungu waliona ajabu, wengine walikasirika kwa sababu kisu kiliharibu ngozi ya shingo waliyotaka kuitundika ukutani.

Nimelifikiria sana jambo hili la kisu. Kwa upande wa fiqhi, wapagazi wale walikuwa na hoja. Mnyama aliyepigwa akakutwa bado ana uhai uliotulia, kisha Muislamu akamchinja inavyotakiwa, nyama yake inaliwa. Walikuwa na njaa, walikuwa mbali na kwao, walilinda mipaka ya halali mbele ya bwana asiyeijali. Hilo ni jambo la kuheshimika. Lakini hukumu ya nyama si hukumu ya kitendo. Nyama inaweza kuwa halali huku kilichomfanya mnyama huyo aanguke hakina uhalali wowote. Kisu cha Bismillah kilisafisha sahani ya mpagazi. Hakikusafisha risasi ya bwana.

Je, walikuwa na dhambi? Siwezi kuwahukumu, na wala sioni kwamba ni kazi yetu. Mpagazi wa wakati ule hakuwa na nafasi ya kukataa kama tuliyo nayo sisi. Wengine walikuwa wakitafuta pesa ya kodi, wengine hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Lakini sisi tuna nafasi ya kuuliza, na anayejua kutofautisha nyama na kitendo hawezi kuridhika kwa kuuliza tu kama kitu ni halali kuliwa.

SHERIA INASEMA NINI?

Uislamu haukuja kuharamisha burudani. Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na bibi Aisha (r.a.) akawatazama. Alishindana mbio na mkewe. Alimtania mtoto Abu Umair juu ya kindege chake alichokuwa akichezea. Wala uwindaji wenyewe haukuharamishwa. Aya ya nne ya Suratul Maida inaruhusu kula walichokamata wanyama waliofundishwa kuwinda.

Lakini tazama masharti yalivyowekwa. Mtume (s.a.w.) alipomfundisha Adi bin Hatim (r.a.) hukumu za kuwinda kwa mbwa, alimwambia ataje jina la Allah anapomwachia, na kwamba mbwa akiwa amekula katika kile alichokikamata, asile, kwa kuwa huenda mbwa amejikamatia mwenyewe. Tafakari hapo. Hata kwa mbwa tumetakiwa tutazame alikuwa akimwindia nani. Itakuwaje kwa mtu mwenye akili, ambaye atasimama mbele ya Mola wake kuulizwa?

Kuna habari mbili ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya Ibn Umar (r.a.). Aliwapita vijana wa Kikureshi waliomweka ndege kama shabaha wakimpiga mishale, na walikuwa wamekubaliana kwamba kila mshale unaokosa unakuwa wa mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Ibn Umar akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Ya pili ni ya Anas bin Malik (r.a.), aliyeingia nyumbani kwa Al-Hakam bin Ayyub akakuta vijana wamemfunga kuku wanamlenga, akasema kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza wanyama wafungwe ili wauawe namna hiyo. Al-Hakam huyo alikuwa naibu wa Hajjaj katika utawala wa Basra. Basi ukatili wa kujifurahisha ulionekana ndani ya nyumba ya mtawala, na sahaba mzee hakunyamaza kwa sababu ya cheo cha mwenye nyumba.

Imepokewa pia, ingawa wanavyuoni wamejadili sanadi yake, kwamba shomoro aliyeuawa bure atamshitaki aliyemuua Siku ya Kiyama, kuwa alimuua pasipo manufaa. Na wanavyuoni wa fiqhi waliliweka jambo hili kwa daraja. Kuwinda kwa ajili ya chakula au biashara ya halali kunaruhusiwa. Kuwinda kwa upuuzi tu kumechukiwa na wengi wao. Kumtesa mnyama, kumfanya shabaha au kumuua na kumtupa ni haramu. Imam Malik aliulizwa juu ya mtu anayetoka kwenda kuwinda mbali, je, apunguze swala? Akatofautisha: akiwa ni mtu ambaye uwindaji ndiyo riziki yake, apunguze, akiwa anatoka kwa ajili ya starehe, hakuona kwamba apunguze.

Sasa rudini kwenye lile neno letu. Safari ambayo imekuwa maarufu duniani kwa jina la Kiswahili ni safari ileile ambayo Imam Malik hakuipa ruhusa ya msafiri. Neno moja, safari mbili, na kinachozitenganisha ni nia.

Nguzo ya yote hayo naiona katika aya ya 94 ya Suratul Maida, inayozungumzia walio katika ihramu. Allah anawaeleza waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo yatakayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane anayemcha kwa ghaibu. Mnyama yuko karibu, mkuki uko mkononi, hakuna anayeona. Uwezo wa kuua umetolewa, nao wenyewe ndio mtihani. Hapa ndipo tunapoachana kabisa na mwindaji wa kikoloni. Yeye aliona kwamba kuweza kunampa haki. Sisi tumefundishwa kwamba kuweza ndiko kunakoleta hesabu.

PINGAMIZI

Mtu anaweza kusema: mbona wafalme wa Kiislamu waliwinda kwa starehe? Ni kweli. Usama bin Munqidh, mwungwana wa Sham wa karne ya 12, ameeleza kwa furaha mawindo ya baba yake, mtu aliyenakili Qur'ani kwa mkono wake mara nyingi. Mfalme Jahangir wa India alihesabu wanyama zaidi ya 17,000 aliowaua mwenyewe hadi alipokaribia umri wa miaka 50. Na katika zama zetu, tangu mwaka 1992 kitalu cha uwindaji cha Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kimekuwa mikononi mwa kampuni inayohusishwa na watawala wa Falme za Kiarabu, na mgogoro wa ardhi na wafugaji wa Kimaasai umeendelea hadi leo. Sitawatetea kwa kuwa ni Waislamu. Dini inapimwa kwa Kitabu na Sunna, na wafalme wanapimwa kwa dini. Tukimlaumu Roosevelt tukamnyamazia Jahangir, tutakuwa tumefanya kama sheria ile ya mwaka 1835.

Mwingine atasema: nanyi mnachinja maelfu ya wanyama Idi ya kuchinja, kuna tofauti gani? Tofauti ipo. Anayechinja anaomba ruhusa ya Mwenye kumiliki roho, ndiyo maana ya Bismillah. Ametakiwa anoe kisu na ampumzishe mnyama. Nyama anakula, anawapa jirani na maskini. Na hakuna mahali alipoambiwa afurahie kifo chenyewe. Lakini pingamizi hili lina faida, kwa sababu linatuonya: anayemburuta mbuzi kwa mguu siku ya Idi, au anayechinja huku wengine wakisubiri wakitazama, asijione yuko mbali na wale wawindaji.

Wa tatu atauliza juu ya mila zetu wenyewe. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno. Ng'ombe hufungwa kamba na kuchokozwa, lakini hauawi. Kakamega, magharibi mwa Kenya, mafahali wawili hupambanishwa mbele ya umati, na asili ya jambo hilo inahusishwa na kuwaenzi marehemu. Hizi haziwezi kulinganishwa na vifaru tisa wa Lado. Hata hivyo imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuchochea wanyama wapigane, na mila haiondoi katazo. Anayezipenda mila hizi afikirie namna ya kubakiza ngoma, mkusanyiko na undugu, na kumwacha mnyama apumzike.

KIBOKO

Pingamizi zito kuliko yote ninalisikia hapa nyumbani: nchi hii imepoteza watu wengi sana, mwaka 1972, mwaka 1993 na miaka iliyofuata. Kweli tukae tuwalilie ndege na vifaru?

Jibu langu liko katika neno kiboko. Kiboko ni mnyama wa ziwa letu la Tanganyika. Wakati wa Wajerumani, mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake ulichukua jina lake, na adhabu ya viboko 25 ikawa ya kawaida mpaka watu wakaiita kwa hesabu yake, hamsa ishirini. Upande wa Kongo mjeledi wa namna hiyo ulikuwepo pia. Aliyepigwa risasi majini ndiye aliyegeuzwa kuwa chombo cha kumpiga binadamu, na mara nyingi mkono ulioushika mjeledi ulikuwa wa askari mwenzetu. Mpaka leo mtoto akikosea shuleni tunasema atapigwa viboko, na hatufikirii neno hilo lilitoka wapi.

Hii ndiyo sababu sioni kwamba ni maswali mawili yaliyo mbali. Moyo uliozoea kufurahia maumivu ya asiyeweza kujitetea hauulizi sana kama asiyeweza kujitetea ana miguu minne au miwili. Mwanachuoni Izz bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliandika juu ya haki za wanyama juu ya mwanadamu: kuwalisha hata wakizeeka na kukosa faida, kutowabebesha wasichoweza, kutowaweka pamoja na wanaowaudhi. Hakuyaandika hayo kwa sababu watu wa zama zake walikosa shida. Aliishi katika karne ya Wamongoli.

BUTERERE YETU

Ninaishi Buterere, kaskazini mwa mji, karibu na uwanja wa ndege na karibu na tambarare ya Rusizi. Jalala kubwa la mji liko kwetu. Watoto huchambua taka humo wakitafuta vyuma na plastiki, na mbwa wasio na mwenyewe huchambua pamoja nao. Jioni, kazi ikiisha, burudani ya baadhi ya vijana ni kumzingira mbwa mmoja na kumpiga mawe, kila mmoja akidai jiwe lake ndilo lililompata. Nilipowauliza kwa nini, mmoja akanijibu: "Kaka, hapa tutacheza nini kingine?" Jibu lake si la kudharau. Mtoto aliyekosa uwanja atacheza na kile kilicho dhaifu kuliko yeye. Tukimkemea bila kumpa mpira, tumefanya nusu ya kazi.

Upande wa ziwa mambo ni mengine. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na maji ya Tanganyika yalipopanda katika miaka ya karibuni mpaka Gatumba ikafurika, watu na viboko na mamba walijikuta mahali pamoja. Mamba aliyepewa jina Gustave amejulikana duniani kote. Mwaka 2002 Mfaransa Patrice Faye na wenzake walijaribu kumnasa kwa tundu kubwa wakashindwa, na mwaka 2007 Marekani ikatoa filamu ya kubuni kutokana na habari zake. Kumuua mamba anayekula watu ni kujikinga, na sheria yetu inaruhusu kuua chenye madhara. Lakini angalieni jinsi msiba wa wavuvi na wafuaji nguo wa Rusizi ulivyogeuka sinema ya kusisimua kwa watu walioketi mbali.

Na sisi wanafunzi tuna jalala letu, nalo ni simu. Video za mbwa wanaopiganishwa, za nyani anayeteswa, za nyoka anayetupiwa sungura hai, zinazunguka katika makundi yetu ya WhatsApp, na chini yake kuna vicheko. Anayetazama hajarusha jiwe. Muhamed na Bakari pia hawakupiga risasi. Lakini wao walikuwa na mzigo kichwani na bwana mbele yao, na sisi tuna kidole tu, na hakuna anayetulazimisha kubonyeza.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ya kufanya, si ya kusoma tu. Kwanza, tuache kusambaza video hizo, na anayezituma aambiwe kwa upole kisa cha Ibn Umar na ndege. Pili, siku ya Idi ya kuchinja ijayo, jumuiya yetu iwe na watu wa kusimamia kisu kikali, maji ya kunywa kwa wanyama, na wanyama wasichinjwe wakitazamana. Tatu, wanaoweza wachange mipira na muda wa Jumamosi kwa watoto wa jalalani, maana mchezo mbaya hufukuzwa na mchezo mzuri kuliko mahubiri.

Aya ya 38 ya Suratul An'am inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi, na kwamba nao watakusanywa kwa Mola wao. Tukilisadiki hilo, basi Siku hiyo watakuwepo vifaru wa Lado, kuku wa nyumba ya Al-Hakam na mbwa wa Buterere. Tumwombe Allah asitukutanishe nao tukiwa washitakiwa.

Wabillahi tawfiq.